Pasaka Mbili za Yoezeri Fundi Viatu

Antiokia, mtaa wa Kerateioni
Siku ya 10 ya mwezi wa Shevati

Kwa Shelamzioni binti Hanani, muuza samaki wa chumvi, Magdala ya Galilaya

Dada yangu, amani kwako. Mimi ni mzima isipokuwa goti la kushoto, meno ya juu, na heshima yangu mtaani. Wewe sikuulizi. Chumvi haiozi.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usizicheke herufi. Unajua mwalimu alinifukuza tukiwa nusu ya kitabu cha Walawi, na nusu ile iliyobaki ndiyo inayonitesa mpaka leo.

Sikiliza, Shela. Miaka kumi na moja imepita tangu tumzike mama. Siku ile tulikula dengu bakuli moja, ukanichapa mkono kwa kijiko kwa sababu nilichukua kitunguu kilichokuwa upande wako. Hatujala tena pamoja. Mumeo ametangulia, Mungu amrehemu, alikoroma lakini alikuwa mwema. Mwanao kahamia Dameski. Wewe unakula peke yako ukitazamana na mapipa. Mimi nina miaka sabini na moja. Pasaka nilizobakiza zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na unakumbuka kimoja nilikikata kwa kisu cha ngozi. Njoo ule Pasaka kwangu mwaka huu.

Najua utasema nini. Utasema, "Kwako wanakula Wayunani." Ndiyo, wanakula! Wako wanane. Wewe unaamini kwamba Yesu wa Nazareti ndiye Masihi, mimi naamini, wao wanaamini. Kinachotugawa ni sahani tu. Tangu ile kelele ya nani akae meza gani, Wayahudi wenzetu walioamini wanakutana nyumba nyingine, ng'ambo ya soko. Hapa kwangu nimebaki mimi na mzee Mattatia, naye ni kiziwi. Kwa hiyo Torati yote ya watu hawa ni mimi. Usicheke.

Wana maswali, dada, utadhani kuku na punje. "Mzee, sungura?" Hapana. "Kambale?" Hapana. "Panzi?" Panzi ruksa. "Panzi ruksa, sungura marufuku? Kwa nini?" Nikawaambia sababu iko kwenye ile nusu.

Mwenye bidii kuliko wote ni Kallistrato. Mtu mnene, anauza nyama, moyo wake laini kama siagi. Siku ya Upatanisho alifunga kama sisi. Kesho yake akafunga tena, kwa hofu kwamba ya kwanza haikuingia. Tulimkuta kalala nyuma ya duka, anamwomba paka msamaha.

Njoo uwaone. Sahani ya mama ninayo bado, ile yenye ufa. Nimekuwekea.

Kaka yako,
Yoezeri


Magdala
Siku ya 12 ya Adari

Kwa kaka yangu Yoezeri, kichwa cha ukoo wetu, hatukuulizwa

Amani. Barua yako imefika ikinuka gundi ya viatu. Herufi sikuzicheka, nilizihurumia.

Unaniambia tofauti ni sahani tu. Kaka, na Danieli kule Babeli alikataa nini? Sahani. Sisi tumekuwa watu kwa sababu ya sahani. Baba yetu aliuza samaki miaka hamsini pwani hii, na aliapa mpaka kufa kwake kwamba Bwana mwenyewe aliwahi kula samaki wake na hakulalamikia chumvi. Samaki gani? Wenye mapezi na magamba! Bwana hakuletewa kambale na mtu yeyote. Sasa hao wanane wako wakimpenda Bwana, wapende na alichokuwa akila.

Tena Torati imesema wazi kwamba asiyetahiriwa asimle mwanakondoo wa Pasaka. Hiyo haiko kwenye nusu yako ya Walawi. Iko kwenye Kutoka, na Kutoka ulimaliza, nilikuwepo.

Hata hivyo nitakuja. Usirukeruke, una goti. Nitakuja na sharti moja. Kama watu wako wataishika Pasaka kama ilivyoamriwa, chachu yote nje, na katika siku yake, nitaketi nao meza moja na mdomo wangu nitaufunga. Wakikosea, nitakula peke yangu chumbani, nitarudi na msafara wa kwanza, na hutaniona tena mpaka siku ya ufufuo. Na siku hiyo nitasimama upande wa pili.

Swali. Huyo Kallistrato anauza nyama gani? Umenitajia unene wake, moyo wake na paka wake. Nyama hukuitaja.

Sasa tumbo lako, maana hukulitaja lakini nalijua. Kunywa maji ya uwatu kila asubuhi kabla hujasema neno, itawafaa na majirani. Usile kitunguu kibichi jua likishazama. Usikae kwenye upepo ukiwa na jasho. Tafuna bizari, lakini usimeze maganda, mjomba wetu alimeza maganda na unajua yaliyomkuta. Jipake mafuta ya moto kitovuni, kutoka kulia kwenda kushoto, siyo kinyume chake. Ukivimbiwa, tembea, ukichoka kutembea, acha kula.

Mwisho: barua ya wazee kutoka Yerusalemu imesomwa kwetu Sabato iliyopita. Shayiri bado mbichi, wanakondoo bado wanayumba, mvua imekata barabara. Kwa hiyo wameongeza mwezi. Adari hii ikiisha inakuja Adari ya Pili, ndipo Nisani. Pasaka imesogea mbele siku thelathini, na mimi nimesogea nayo. Waambie watu wako.

Dada yako,
Shelamzioni


Antiokia
Siku ya 16 ya Nisani

Kwa Shelamzioni

Sikuandikii "amani" kwa sababu sina ya kugawa.

Ulisema utakuja. "Nitakuja," uliandika, kwa mkono wako usiotetemeka. Neno hilo niliwasomea watu wote kwa sauti. Nikandro mchukuzi alitengeneza kitanda. Mkewe aliosha mapazia. Siku tatu nilimtuma huyu na yule kwenye lango la kusini kuulizia kikongwe mwenye pipa. Wakaleta vikongwe wawili, na hakuna aliyekuwa wewe.

Basi tumekula Pasaka bila wewe. Na nikwambie jinsi ilivyoliwa, ili uchomeke.

Chachu ilitoka yote. Kallistrato alipekua nyumba kwa taa mchana kweupe, akaingiza kichwa kwenye tanuri, kikakwama, tukamvuta miguu. Akatoka mweusi, anacheka: "Hamna hata chembe, mzee!" Alipekua ndevu za Mattatia. Alipata chembe.

Kuhusu mwanakondoo wako, binti Hanani, hukunikamata. Mwanakondoo wa Pasaka anachinjwa Yerusalemu, na hapa si Yerusalemu. Sisi tunakula mkate mkavu, mboga chungu, na tende zilizopondwa na siki. Torati haijamkataza mtu yeyote kuteseka pamoja nasi. Wayunani walitafuna zile mboga machozi yakiwashuka, nikawaambia, "Huo ndio utumwa wa Misri," Nikandro akasema, "Mzee, Misri ilikuwa kali." Kisha tukavunja mkate na kupitisha kikombe, tukamkumbuka Bwana, ambaye usiku ule alivunja mkate mkavu huuhuu na siyo andazi. Hilo niliwaambia. Wengine walikuwa hawajui, wakaukazia macho ule mkate kana kwamba wameletewa barua kutoka nyumbani kwake.

Na sasa usikie aibu ya Israeli. Katika mtaa huu wote wa Wayahudi, nyumba iliyoshika Pasaka ni moja, yangu! Asubuhi ya siku ya kwanza natoka nje, namkuta Gadia mwokaji, Myahudi mwana wa Myahudi, anaipua mikate iliyovimba kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Nikamwambia, "Gadia, humwogopi Mungu?" Akaniangalia kama unavyomwangalia punda aliyevaa kofia. "Mzee Yoezeri," akasema, "umelala vizuri?" Nikamwambia nimelala kama mtu huru aliyetoka Misri. Akanipa kipande cha mkate! Nikakitupa kwa mbwa. Mtaa mzima unatafuna chachu, hata mke wa mlinzi wa makaburi. Nikarudi ndani nikawaambia Wayunani, "Israeli imelala. Ninyi tu ndio mko macho." Kallistrato akalia kwa sauti.

Ningekwenda kuwakemea sinagogini, ila sijakanyaga pale tangu mwanzo wa Adari. Tuligombana kuhusu benchi. Pale ninapokaa pana upepo.

Umeuliza Kallistrato anauza nyama gani. Anauza nyama nzuri.

Sahani ya mama ilikaa mezani, tupu. Mattatia alitaka kuweka kokwa zake za tende humo, nikamchapa mkono kwa kijiko. Sharti lako lilikuwa la Wayunani, Shela. Wao wamelishika. Aliyevunja neno ni wewe.

Yoezeri


Magdala
Siku ya 26 ya ADARI YA PILI

Kwa kaka yangu

Tazama tarehe. Umeitazama? Rudi uitazame tena. Nimeiandika kwa herufi kubwa ili hata goti lako lisome.

Leo bado ni Adari. Nisani haijazaliwa. Wazee waliongeza mwezi, na nilikuandikia hivyo kwa mkono wangu usiotetemeka. Wapi? Chini, baada ya bizari! Lakini wewe ukifika kwenye tumbo lako unakunja barua. Tangu utoto wako, ukisikia nasaha, masikio yanafungwa kama kome.

Kwa hiyo, kaka, tujumlishe. Umewalisha watu wanane na kiziwi mmoja mikate mikavu siku saba bila sababu. Umeingiza mtu kwenye tanuri. Umemtukana Gadia mwokaji, mtu safi, aliyekuwa akioka mkate wa kawaida katika siku ya kawaida. Umesema Israeli yote imelala, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unaota ukiwa umesimama.

Niliposoma nilicheka mpaka nikaliegemea pipa, pipa likaanguka. Kisha nikafika kwenye sahani, nikaacha kucheka. Kisha nikakasirika. Nakuandikia nikiwa kwenye hasira, kwa hiyo usinitafutie huruma hapa.

Sharti ni sharti. Nilisema "katika siku yake." Mmekosea, na si kwa siku, kwa mwezi! Neno langu siwezi kulikunja kama wewe unavyokunja barua. Lakini mzigo nimekwisha funga, na kesho naondoka na wachunga nyumbu wa Emesa. Nitakuja, nitakula Pasaka yangu chumbani peke yangu, nitaona mahali ulipochagua kufia, nitarudi. Anayeleta barua hii amepanda farasi. Mimi nimepanda nyumbu, tena mwenye maoni yake.

Mwombe Gadia radhi.

Na nyama GANI?

Shelamzioni


Antiokia
Siku ya 7 ya Nisani, tumehakikisha kwa watu watatu

Kwa Mama Shelamzioni, popote njiani itakapomkuta

Shikamoo, mama. Mchunga nyumbu nimemwagiza amtafute mama mwenye harufu ya samaki na uso wa hakimu. Maneno hayo ni ya kaka yako, si yangu. Mimi ni Kallistrato.

Nakuandikia bila ruhusa yake. Barua yako ilipofika, mzee aliisoma amesimama, akaketi, akasimama tena, akapanda darini na kuivuta ngazi juu. Tukamwita, "Mzee, shuka!" Akajibu, "Sipo." Tukamwambia tunamsikia. Akasema, "Huyo ni mwingine." Alikaa huko mpaka kesho yake adhuhuri. Supu tulimpandishia kwa kamba, naye alirudisha bakuli na ujumbe kwamba chumvi ilipungua.

Baadaye alituambia kwa huzuni, "Nendeni kwenye ile nyumba ng'ambo ya soko. Wale wana mtu anayejua mwezi." Tukakaa chini, tukajadili. Nikandro mchukuzi, ambaye husema mara moja kwa juma, akasema, "Si mzee mwenyewe alitusomea? Wana wa Israeli walitembea miaka arobaini njia ya siku kumi na moja. Sisi tumepotea mwezi mmoja. Tunaendelea vizuri." Basi tumekubaliana kuishika Pasaka tena, yote, na mboga chungu. Mke wa Nikandro, aliyekwisha sugua sufuria zote mara ya kwanza, alisema neno ambalo siwezi kukuandikia. Lakini anasugua.

Mama, kuna mambo mawili yananikaa kooni.

La kwanza ni benchi. Amekuambia pana upepo. Hapana. Siku ile alinivuta mkono nikakaa kando yake, mahali pa ukoo wenu. Wakaniambia nikasimame nyuma na wageni. Mzee akasema, "Akisimama huyu nasimama na mimi, na goti langu mnalijua." Tukatoka wote wawili. Ndiyo maana tangazo la mwezi halikutufikia. Kosa la Pasaka ile lina mguu wangu ndani yake.

La pili ni nyama. Mama, nilikuwa muuza nguruwe. Baba yangu alikuwa muuza nguruwe, na babu yangu. Niliacha miaka miwili iliyopita, sasa nauza mbuzi. Juu ya mlango wa duka, ubavuni mwa nyumba ya kaka yako, yuko nguruwe wa jiwe. Kumtoa siwezi kwa sababu ndiye anayeshikilia boriti. Nimembandika pembe na ndevu. Watu wanasema anafanana na mbuzi aliyebahatika. Mzee alinikataza nisikuambie. Lakini ni yeye aliyenifundisha nisishuhudie uongo, sasa sijui nimtii yupi, yeye au yeye.

Kama utaamua kula chumbani, nitume nani akuulize ni mboga chungu zipi unapenda? Nitaziacha mlangoni, sitagonga.

Mtumishi wako,
Kallistrato


Antiokia, kutoka karakana kwenda chumba cha nyuma. Umbali ni ukuta mmoja
Siku ya 12 ya Nisani

Kwa Shelamzioni

Dada, mambo gani haya? Umefika jana. Umemsalimu Nikandro, umemsalimu mkewe, umempigia Mattatia kelele ya salamu mpaka amesikia. Umesimama mbele ya yule nguruwe muda ambao mtu angemaliza zaburi ndefu. Kisha umenipita kama mlingoti, umeingia chumbani, umefunga.

Nimegonga. Ukasema, "Sizungumzi kwa mdomo na mtu mwongo. Andika. Ukiandika unadanganya polepole, naweza kukufuata."

Basi naandika. Sikudanganya. Nilisema nyama nzuri. Mbuzi si nzuri?

Miguu yako imevimba, nimeona. Nani aliyekufunga vitambaa hivyo? Ni kazi ya mtu mwenye upole, kwa hiyo si wewe.

Gadia nimemwomba radhi. Alicheka mpaka akaunguza mikate. Sasa mtaa mzima wananiamkia, "Heri ya Pasaka, mzee!" Hata mbwa yule anaponiona anakaa, anasubiri mkate.

Kaka yako

(Nyuma ya ngozi ileile)

Mwongo ni mtu anayejibu swali ambalo hakuulizwa. Niliuliza gani, ukajibu nzuri. Muuza nguruwe ameniambia ukweli kabla sijamuona uso; mtoto wa mama yangu amenificha mara mbili, nyama na benchi. Ndiyo, najua la benchi. Ulishindwaje kuniambia jambo moja jema ulilolifanya tangu uzaliwe?

Miguu yangu usiiulize.

Kula nitakula humu. Nilisema. Mimi nikisema nimesema. Mwambie Kallistrato majani ya mlimani, yale yenye miiba.

Sh.


Karakana, ukuta uleule
Siku ya 14 ya Nisani, asubuhi

Shela,

Nina habari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sitaki kuipiga chumvi, maana imekuja na yake.

Jana jioni Kallistrato alipekua chachu. Safari hii hakuingiza kichwa kwenye tanuri, alitumia fimbo. Alipofika mlangoni kwako akasema kwa ile sauti yake ya kuomba paka msamaha, "Mama, na chumba hiki je?" Na wewe, nilikusikia, ulisema, "Pekua, mwanangu, ujue nyumba safi inafananaje. Na mfuko wangu huu hapa, upekue pia." Ukamsukumia mfuko nje kama malkia anayetoa pete.

Alipekua mfuko ule ukumbini, mgongo wake kwangu. Nikamwona ameganda. Kisha akafunga kitu ndani ya kanzu yake, akakurudishia mfuko, akasema, "Asante, mama." Nikandro akamuuliza, "Umepata nini kwa mama?" Akajibu, "Chumba kisafi kuliko vyote." Akaenda zake.

Leo asubuhi, kabla watu hawajaamka, nimemwona nyuma ya duka anachoma kitu. Nimemwona kwa sababu nilikuwa nimekaa juu ya ukuta, na nilikuwa juu ya ukuta kwa sababu mimi ni mbea. Ilikuwa nusu ya mkate wa shayiri, Shela. Wenye chachu. Umevimba vizuri. Ulikuwa umefungwa kitambaa chenye jua jekundu lililotariziwa, kama wanavyotarizi kule Emesa wanakoliabudu jua. Mkate kauchoma. Kitambaa kakikung'uta makombo, kakifua, sasa kimeanikwa kwenye pembe ya nguruwe.

Nilishuka nikamkabili. "Ulichoma nini?" Akasema, "Takataka, mzee." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mzee," akasema, "nimesema uongo mmoja tangu jana. Naweza kufunga siku mbili?" Nikamwambia kwa huo mmoja asifunge hata saa.

Wewe uliyekuja safari ya siku kumi na nne kupima Wayunani kwa chachu, uliingia na chachu yako mwenyewe. Na Myunani ameificha, si kwa ajili yangu, kwa ajili yako. Ningekuwa mimi ningetangaza sokoni kwa tarumbeta.

Jua likizama tunaketi. Sahani iko mezani. Sharti lako sasa unalipeleka wapi?

Yoezeri


Chumba cha nyuma
Siku ya 14, mchana

Kaka,

Nimesoma nikakaa chini. Kisha nikapekua mfuko, kana kwamba ningeukuta mkate bado humo.

Basi usikie, maana hata wewe hukupanda ukuta mrefu kiasi hicho. Emesa nilianguka kutoka juu ya nyumbu. Miguu ikavimba, msafara ukaniacha kwenye nyumba ya wageni. Mke wa mwenye nyumba ile anaabudu jua, dada yake anaabudu jiwe. Aliniosha miguu kwa maji ya vuguvugu, akaifunga, akanilisha siku tatu kutoka bakuli lake. Sikumuuliza nyama gani. Sikuuliza kwa sababu sikutaka jibu. Miaka sita, kaka, tangu mume wangu afe, nimekula peke yangu kwa usafi, hata majirani nilikuwa nawachuja. Pale kwa yule mwabudu jua nililamba kijiko. Siku ya kuondoka alinipa mkate kwa ajili ya njia. Nusu nilikula. Nusu nikashindwa kuila na nikashindwa kuitupa, nikaifunga nikajisahaulisha. Nikaja hapa nikakaa nyuma ya mlango kama kuhani mkuu.

Nilimwita Kallistrato dirishani. Nikamwambia, "Kwa nini hukuniaibisha?" Akasema, "Mama, mimi nimelishwa hapa miaka miwili na hakuna aliyenipekua." Nikamwambia aende zake, asinione uso.

Mmeishika katika siku yake. Mmeishika na ile isiyo yake. Sharti limetimia, tena na ziada. Waliolikosa si Wayunani.

Usijisifu. Kitambaa changu kitolewe kwenye huyo nguruwe. Nitakaa kati ya Kallistrato na mke wa Nikandro, nataka kujua hilo neno alilosema. Wewe kaa mbali, unatafuna kwa kelele.

Na tumbo lako: mboga chungu zile usizile kabla ya mkate. Kunywa maji kwanza. Tende si zaidi ya vijiko viwili, unajua tende zinavyokufanya. Siki usiiguse kabisa. Ukiketi, egemea kushoto, ini lipumue. Maji ya uwatu umeyaacha, nakunusa kupitia ukutani, yaanze upya kesho. Goti lipake mafuta ya zeituni, yasiwe ya taa. Usilale mara baada ya kula.

Mapipa ya samaki nilimwachia binti wa jirani kabla ya kuondoka, na ufunguo wa nyumba nikampa mwanangu nilipopita Dameski. Sikuwa na mpango wa kurudi hata kabla hujakosea mwezi. Nitapata wapi kona ya kuweka kitanda?

Dada yako,
Shelamzioni


Karakana
Siku ya 14 ya Nisani, jua linazama

Shela,

Nimesoma mpaka mwisho.

Nimesoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia kwenye bizari ili nisikose kitu. Hakuna bizari, safari hii ni siki.

Kona ni hiyohiyo uliyomo. Kitambaa kimeshatolewa, na mahali pake nguruwe amevaa kofia yangu. Wote wanane wamekwisha keti na hakuna anayegusa chakula. Kallistrato amekaa nusu ya kiti ili wewe upate nafasi, na ukichelewa ataanguka. Sahani yako nimeiweka mwenyewe. Nimeweka na kitunguu, kipo upande wako.

Fungua mlango.

Kaka yako,
Yoezeri